Msufi wa Mashemeji Wawili

Zamani mti ukizeeka watu walishusha sauti wakipita chini yake. Siku hizi mti ukizeeka hugongwagongwa, hupigwa namba kwa rangi nyekundu na kuzungushiwa uzio kama mwizi aliyekamatwa na kuku wa watu.

Msufi wa njia panda ulikuwa mti wa enzi hizo za kwanza. Ulisimama pale barabara ya sokoni inapokutana na barabara ya shule, mrefu kupita jengo lolote mjini, na mizizi yake ilikuwa imetoka ardhini ikasimama wima kama kuta, ikaligawa shina vyumba. Mgeni akiuliza njia aliambiwa aende mpaka kwenye msufi, kisha aulize tena. Hakuna aliyepotea. Siku hizi watu wana ramani kwenye simu na bado wanagonga mlango wa nyumba siyo.

Chumba cha upande wa mashariki kilikuwa cha Kinyozi. Mjini hakuwa na jina jingine. Hata mke wake akimkasirikia alimwita Kinyozi. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo wa kulaza, beseni, brashi ya sabuni, mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, na mashine ya mkono ya kukatia nywele ambayo ikibanwa vibaya ilimng'ata mteja kama mbwa mdogo. Kioo chake kilining'inia kwenye shina, na kwa kukaa miaka mingi pale pale, magome yalikuwa yameshaumeza ukingo wake wote, hata hakikuweza kutoka tena. Mteja alifungwa shuka shingoni, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akaulizwa anataka mtindo gani. Jibu la swali hilo la pili halikufuatwa sana. Kinyozi alijua mitindo miwili tu, wa shule na wa harusi, na tofauti kati yao ilikuwa pafyumu.

Chumba cha upande wa magharibi kilikuwa cha Fundi Viatu. Huyu alikuwa kaka wa mke wa Kinyozi, yaani shemeji yake. Alishona viatu kwa uzi uliopakwa nta, mshono unaoweza kuzikwa na mwenye kiatu ukabaki mzima. Siyo hivi vya leo vinavyogandishwa kwa gundi, ambavyo vikilowa tu vinafungua mdomo kama samaki. Viatu vilivyokamilika alivitundika kwenye misumari aliyoipigilia kwenye shina. Gome likiumeza msumari mmoja, alipigilia mwingine palepale.

Basi mashemeji hawa walifanya kazi wamepeana migongo, mti katikati, na kwa miaka mingi hawakusemezana. Au tuseme hivi: walisema kutwa nzima, ila hakuna aliyesema na mwenzake.

Chanzo chake kilikuwa posa. Siku Fundi alipokuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe, alikuja asubuhi akakaa kwenye kiti cha shemeji yake, amevaa suti ya kuazima na viatu vyake mwenyewe vinavyong'aa mpaka nzi wakaviogopa. Kinyozi alimnyoa kwa mtindo wa harusi. Alikuwa amefika kisogoni wakati tunda kavu la msufi lilipokatika huko juu, likamgonga kwenye kifundo cha mkono, mkono ukateleza, na mashine ikafyeka njia ya panya kutoka shingoni mpaka karibu na utosi.

Kinyozi alikitazama kile kisogo kwa muda. Kisha akapiga hesabu zake: mtu akienda ukweni huonekana kwa mbele. Akamwagia pafyumu mara mbili, akakunja shuka, akanyamaza.

Alichosahau ni kwamba mposaji huinama. Fundi alipoinama kuwasalimu shangazi wa binti, wale kina mama waliona yote yaliyokuwa ya kuonwa. Waliomba ruhusa wakaingia ndani, wakatoka na jibu kwamba binti yao bado mdogo, na wakati wa kuagana mmoja wao akamvuta mshenga pembeni akamnong'oneza kwamba dawa ya mapunye ipo, kijana asione haya.

Fundi alirudi njia panda jioni ile amevaa kofia. Kinyozi akamweleza, kwa unyoofu kabisa, kwamba kosa lilikuwa la mti.

"Basi mti ndio uniombe radhi," Fundi akasema. "Mpaka siku hiyo mimi na wewe hatuna neno. Ukiwa na la kusema, uambie mti."

Kesho yake Kinyozi alihitaji nyundo ya kugongea mguu wa kiti uliolegea. Alikaa akafikiri, akaona aibu, akaangalia kama kuna mtu anapita, halafu akasogeza mdomo kwenye gome. Akasema, "Wewe msufi, mwambie huyo wa upande wa pili aniazime nyundo."

Kisha sauti ikatoka huko nyuma: "Wewe msufi, mwambie huyo kinyozi nyundo si ya kunyolea, ingawa kwa anavyonyoa yeye hakuna atakayejua tofauti."

Na nyundo ikatupwa ikazunguka mzizi, ikatua miguuni pake.

Toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Wateja walizoea. Wako wazee wenye vipara waliokuja kunyolewa kila wiki, na kisa chao si nywele, ni kusikiliza. Fundi alioa kwingine, akapata watoto, lakini kofia haikutoka kichwani, na nywele alikatwa nyumbani na mke wake kwa mkasi wa vitambaa. Kichwa chake kilifanana na shamba lililoingiliwa na mbuzi. Aliuambia mti kwamba heri mbuzi.

Mke wa Kinyozi ndiye aliyekuwa daraja la pili. Mchana alikuja na sufuria moja na sahani mbili, akaviweka juu ya mzizi uliowatenga, akapakua, akasimama mikono kiunoni. Alikuwa na usemi wake, na wateja walikuwa wanausubiri. "Mimi nimezaliwa tumbo moja na mjinga," alisema, "nikaolewa na mjinga mwenzake. Ningekuwa na akili ningeolewa na huu mti. Angalau unasikiliza."

Alipofariki, wanaume wale wawili walisimama kaburini kila mmoja upande wake. Kila mmoja alifumbua mdomo akaufumba, maana makaburini pale hapakuwa na mti. Siku waliyorudi kazini Fundi hakugonga kitu asubuhi nzima. Karibu na mchana akasema polepole, "Msufi, mwambie huyo pole."

Kinyozi aliuegemea mti. "Mwambie na yeye pole," akajibu. "Alikuwa dada yake kabla hajawa mke wangu."

Kwa hiyo ukitaka kujua msufi ule ulikuwa nini kwa Kinyozi, usitazame kivuli. Watoto wake walikuwa wametawanyika mijini, rafiki zake wengi wako chini ya udongo, na katika dunia nzima alibaki na mtu mmoja wa kumtania na wa kumjali, na mtu huyo hakuwa na njia ya kumfikia isipokuwa kupitia mti. Hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua mitindo yake miwili.

Tatizo ni kwamba mti nao ulikuwa unazeeka. Ulikuwa umeanza kutoa sauti ndani, sauti ya mtu anayeinuka kitini akishika magoti. Kinyozi aliisikia kabla ya yeyote, na dawa yake ilikuwa kukohoa. Mti ukilia, alikohoa; ukilia sana, alianzisha mazungumzo ya siasa. Wateja wakasema mzee kifua chake kimeharibika.

Siku moja isiyo na upepo hata wa kuzima kibiriti, karani wa benki alikuwa kwenye kiti, shavu moja limeshanyolewa na jingine limejaa povu. Akainuka, akasogea kwenye kioo kuhakikisha nywele za mbele ya masikio zinalingana. Tawi moja la msufi, nene kama pipa, likaamua kushuka wakati huohuo. Lilikishukia kiti. Hakikubaki kiti, zilibaki kuni.

Karani hakungoja kuelezwa. Alitimua mbio na shuka shingoni, povu likiruka, mpaka benki, na inasemekana alihudumia watu mpaka saa ya kufunga akiwageuzia upande mmoja tu wa uso. Kumalizia upande wa pili hakurudi tena.

Vumbi lilikuwa halijatulia, na Kinyozi alikuwa amekaa chini, brashi mkononi, wakati sauti ilipopasuka kutoka upande wa pili.

"Shemeji! Uko hai?"

Kinyozi alishtushwa na sauti ile kuliko alivyoshtushwa na tawi. Neno hilo hakuwa amelisikia tangu siku ya posa. "Niko hai," akajibu.

Kisha Fundi akasema, "Nilikuwa nauuliza mti."

Halmashauri ilimleta afisa wake wa miti. Watu walitarajia mwanamume mnene mwenye kalamu mfukoni. Akashuka dada mwembamba mwenye kofia ngumu ya njano, nyundo ya mpira mkononi na fimbo ndefu ya chuma begani. Mji ukampa jina kabla hajafika kwenye shina: Daktari wa Miti. Kinyozi alijiandaa kumchukia, na kwa kweli alistahili kupewa nafasi hiyo, lakini binti mwenyewe alimharibia kazi. Alimwamkia shikamoo kwa kuinama, akauliza mti una umri gani, akauzunguka akiugonga na kuusikiliza kwa sikio, taratibu, kama muuguzi mwenye mikono safi.

Kisha akaja akasimama mbele ya zile kuni zilizokuwa kiti. "Mzee wangu, watoto wa shule wanapita hapa kila siku," akasema. "Hapa angekuwa amekaa mtoto, leo mimi na wewe tungekuwa tunazungumza mengine."

Kinyozi akainama akaokota mguu wa kiti. Ilikuwa kweli tupu, na kweli tupu haina mpini wa kuishikia.

Halafu binti akaona tundu. Lilikuwa chini ya kioo, kwenye pembe ya mizizi, na mtu asiyezoea asingeliona. Akaingiza fimbo yake ya chuma kupima uwazi wa ndani. Fimbo ikaingia, ikaingia, ikakaribia kuisha. Alipoivuta, ilitoka imevaa nywele.

Akavuta tena. Nywele. Akaingiza mkono, akatoa bonge la nywele kubwa kama mto wa kulalia, nyeusi, limelowa, linanuka. Mama mmoja wa sokoni akatamka kwamba humo ndani kuna mtu, na kabla hujameza mate njia panda ilijaa. Mwingine aliapa ameona sikio.

Ikabidi Kinyozi ajieleze mbele ya kadamnasi. Alifundishwa kazi na mzee wa zamani, akasema, na mzee yule alimwambia nywele za mteja haziachwi zikakanyagwa wala kupeperushwa na upepo. Ni sehemu ya mwili wa mtu, zina adabu yake. Siku yake ya kwanza pale aliliona lile tundu, akazifagia humo. Kesho yake vilevile. Lile tundu halikuwahi kujaa, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Kwa hiyo zilikuwa nywele za mji mzima. Zilitoka kwa tabaka, za juu nyeusi, za chini zimegeuka udongo. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kichwa chake sasa kinang'aa kama sahani, alisogea akazitazama kwa hamu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ujana wake.

Daktari wa Miti alieleza bila kumdhihaki mtu. Nywele hushika maji kama sifongo, akasema. Maji yale yameozesha moyo wa mti kwa miaka yote hiyo. Kinyozi alisimama pale akasikia kwamba ameuua mti wake kwa adabu. Na upande wa pili Fundi alicheka mpaka akashika mzizi asianguke. "Msufi," akasema, "pole ndugu yangu. Kumbe ulikuwa unalishwa nywele. Ndiyo maana unakohoa."

Mti ukapigwa namba nyekundu. Ukatwe.

Wiki hiyo njia panda ilijaa wapenzi wa mti ambao hawakuwahi kukaa chini yake. Walipiga picha, wakasema ni urithi wetu, wakapanda magari wakaenda zao. Wengine wakasema ukatwe upesi, hasa wale waliokuwa wanaegesha magari kivulini kwake. Mama wa watoto wa shule walisema wanayosema mama, nao ndio waliokuwa na haki kuliko wote.

Siku ya kukata, walikuja vijana na msumeno wa mashine unaonguruma kama pikipiki mbovu. Walianzia upande wa magharibi. Msumeno ulizama ndani ya gome, ukatema cheche, ukapiga ukelele, mnyororo ukakatika. Wakafunga mnyororo mwingine, wakapanda juu kidogo. Cheche, ukelele, mnyororo chini. Msimamizi wao alichunguza lile jeraha, akachokonoa kwa bisibisi, akatoa msumari. Kando yake palikuwa na msumari mwingine, na nyuma ya huo mwingine tena, misumari ya miaka yote, imepangana ndani ya mti kama meno ya mamba.

"Huu si mti," akasema, "ni duka la vyuma limeota majani." Akakusanya vijana wake wakaondoka.

Zamu ya Kinyozi kucheka ilikuwa imefika, na hakuiachia. "Msufi," alisema, huku machozi yanamtoka, "mshukuru huyo wa upande wa pili. Kumbe alikuwa anakuvisha deraya ya chuma."

Lakini mti uliochanjwa na kuachwa ndio hatari zaidi, na Daktari wa Miti hakulala na jambo hilo. Alirudi na njia mbili, akaziweka mbele ya mkutano uliofanyika palepale njia panda, mwenyekiti wa mtaa akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Njia ya kwanza: italetwa winchi kutoka mbali, mti ukatwe kutoka juu vipande vipande mpaka chini, mahali pasawazishwe, na hao wazee wawili wajengewe kibanda kimoja cha mabati chenye madirisha mawili, nywele huku, viatu kule. Njia ya pili: matawi yote yaondolewe, shina lishikiliwe kwa nguzo za chuma, tundu lisafishwe likauke, na mti uishi. Ila utazungushiwa uzio wa waya, na ndani ya uzio hataruhusiwa mtu kukaa, kusimama wala kuegemea. Wazee watatafutiwa nafasi kwingine, mmoja kwenye jengo jipya la soko, mwingine kule stendi ya mabasi, kwa kuwa nafasi mbili za pamoja hakuna.

Mkutano ukagawanyika katikati. Mwenyekiti alihesabu mikono, akaihesabu tena, akachoka. Mwishowe akasema waulizwe wale wenye kukaa pale, na walete jibu moja, wakitofautiana, winchi.

Wazee wakaomba nafasi. Umati ukarudi nyuma. Kila mmoja akaenda chumbani kwake, akakaa, Kinyozi juu ya ndoo maana kiti hakuwa nacho.

"Msufi," akaanza, "muulize huyo anaonaje."

"Mwambie wa kuulizwa kwanza ni mwenye kiti. Ila nasikia kiti kimevunjika."

"Mwambie kwenye kibanda tutakuwa bega kwa bega. Mvua haitatugusa, jua halitatugusa." Kinyozi alisita. "Mwambie pia, hapatakuwa na kitu katikati."

Fundi alivuta uzi wake wa nta mpaka umati ukaanza kukohoa. "Mwambie hilo nimeliona."

"Basi muulize tutaongeaje."

"Mwambie bati haliwezi kazi hiyo. Bati mvua ikinyesha linapiga kelele zake lenyewe, halisikii la mtu." Nyundo ikagonga mara moja, taratibu, juu ya kitu kisichohitaji kugongwa. "Halafu mimi bado nina madai yangu. Huu mti ukikatwa, nani ataniomba radhi?"

Kinyozi aliweka kiganja kwenye gome, chini ya kioo. Akajua wameshaamua, na akajua wamechagua nini: mti ubaki, wao waende. "Mwambie sawa," akasema.

Walipotoka na kutamka kwamba mti uachwe, watu walipiga makofi wakasema hawa ndio wazee, wameacha riziki yao kwa ajili ya urithi wa mji. Wazee hawakuwasahihisha. Daktari wa Miti peke yake ndiye aliyewatazama usoni. "Wazee wangu, mmeelewa kwamba hapa hamtakaa tena?" akauliza.

Fundi akaugeukia mti. "Mwambie tumeelewa."

Binti alitazama nyuma yake kuona nani anaambiwa amwambie.

Kinyozi akapewa nafasi ghorofani kwenye jengo jipya la soko. Alikuwa na taa, bomba, na ukuta mweupe usio na historia. Jirani yake alikuwa kijana anayenyoa kwa mashine ya umeme na muziki wa kupasua masikio, anayemaliza kichwa kabla mwenye kichwa hajataja jina la baba yake. Wazee wenye vipara hawakupanda. Ngazi zilikuwa nyingi, na huko juu kulikuwa na kunyolewa tu. Mara mbili tatu Kinyozi alijikuta ameuambia ukuta jambo. Ukuta wa saruji humrudishia mtu maneno yake mwenyewe.

Siku moja alivua kiatu chake cha kulia, akakikata mshono kwa wembe, akampa mchukuzi wa soko akipeleke kwa Fundi kule stendi bila kusema cha nani. Kilirudi jioni kimeshonwa kwa uzi wa nta. Kinyozi alikivaa, akapiga hatua, akaruka. Ndani ya kisigino palikuwa na msumari umeachwa ncha nje, mdogo, wa makusudi kabisa. Alirudi nyumbani akichechemea, na majirani wakashangaa mzee anachechemea huku anacheka.

Mchana, wakati uliokuwa wa sufuria moja na sahani mbili, alizoea kutembea mpaka kwenye uzio. Msufi ulikuwa umesimama ndani ya waya bila tawi hata moja, umeegemea nguzo zake za chuma kama mzee aliyetoka hospitali kwa magongo. Lakini juu kabisa palikuwa na vichipukizi, na kile kioo kilikuwa bado kinamulika pale shinani. Watoto wa shule walipita salama. Kinyozi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu mambo ya siku hizi, hilo alilikubali, ingawa kwa uso uliokunjwa.

Siku moja alikuwa amesimama hivyo, ameshika waya, alipoisikia sauti kutoka upande wa pili wa shina.

"Wewe msufi. Kama huyo kinyozi yupo, mwambie mwanangu anakuja kunichukua kesho. Nakwenda kukaa kwake, mji wa mbali, nilee wajukuu."

Kinyozi akasogeza mdomo kwenye waya. "Mwambie nipo."

"Mwambie wajukuu wenyewe hawajaniona bila kofia. Sitaki wacheke. Muulize kama ana mashine yake."

Alikuwa nayo mfukoni mwa koti. Hakuwahi kuiacha kule juu na yule kijana wa muziki. Akauzunguka uzio, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile wakatazamana ana kwa ana kazini. Kila mmoja alishangaa jinsi mwenzake alivyozeeka kisirisiri. Fundi alikaa juu ya tofali kando ya uzio, akaugeukia mti, akavua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe chote, na mbuzi walikuwa wamepita juzijuzi.

Kinyozi akamfunga leso shingoni. Alitaka kuuliza habari za nyumbani, akakumbuka, akaupitishia mti. Fundi akajibu, kupitia mti, kwamba ni wazima. Mashine ikaanza kung'ata.

"Msufi, mwambie aangalie mkono wake huko nyuma."

"Mwambie asiogope. Huko juu hakuna tena tunda wala tawi."

"Mwambie najua," Fundi akasema. "Ndiyo maana nimekaa."

Nywele nyeupe zilianguka begani, na Kinyozi alizikusanya moja moja kiganjani kwa mazoea, kisha hakujua azipeleke wapi, akazitia mfukoni. Walipokaribia mwisho Fundi akakohoa. "Mwambie jambo jingine," akasema. "Mti uliniomba radhi zamani. Siku ile ulipokivunja kile kiti. Nilisahau tu kumpa habari."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Ilibidi afute macho kwa mkono, na huo ulikuwa mkono wenye mashine.

Fundi alipoinuka alijitazama kwa mbali kwenye kile kioo cha shinani, kupitia waya. Akageuza shavu hili, akageuza lile, akaridhika. Kofia aliikunja akaitia kwapani. Kisha akautikisia mti kichwa kuuaga, akashika njia ya stendi, mgongo wima, kichwa wazi juani, kijana kabisa kwa mwendo.

Hapo ndipo Kinyozi alipowaona wote wawili pamoja kwa mara ya mwisho, msufi kwenye magongo yake na shemeji yake akipita kando yake. Na kisogoni kwa shemeji, kutoka shingoni mpaka karibu na utosi, palepale pa siku ya posa, aliiona njia ya panya. Akafumbua mdomo kumwita. Halafu akatazama juu, kwa mazoea, na huko juu hapakuwa na tawi hata moja la kusingizia.